Mti Uitwao Taji ya Miiba

Mbele ya makanisa yetu mengi na katika baraza za nyumba zetu, ndani ya chungu au mkebe wa zamani wa mafuta, hupandwa mti mfupi wenye miiba mingi na maua mekundu. Watu huupenda kwa sababu hustahimili jua, hauhitaji maji mengi, na hutoa maua karibu mwaka mzima. Jina lake wauita Taji ya Miiba. Inapofika Kwaresima wako wazazi, na hata waalimu, wawaonyeshao watoto mti huu na kuwaambia, huu ndio askari wa Pilato waliousokota wakamvika Bwana wetu kichwani.

Nimeulizwa habari hii na wanafunzi wa kipaimara, na wainjilisti pia wameniuliza, tena si mara moja. Imefaa basi tuueleze mti wenyewe kwa urefu kidogo, kwa maana yako mambo mawili hapa yasiyofaa kukosewa. Moja lahusu ukweli wa mafundisho yetu, na la pili lahusu macho ya watoto wetu.

Kwanza yatupasa kujua kwao ni wapi. Mti huu asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Huko humea wenyewe katika miamba na mahali pakavu, na wenyeji huuita songosongo. Watu wa Bukini tangu zamani wameutumia kwa kazi ile ambayo sisi huifanya kwa mnyaa, yaani kuzungushia ua. Ukipandwa karibu karibu, matawi yake hushikamana, wala mbuzi hapiti, wala mwizi hapendi kupita. Waluteri wenzetu wa Bukini, ambao wamisionari wa Norway waliwafikia tangu mwaka 1866, huuona mti huu kila siku kandokando ya njia zao.

Walioupeleka Ulaya walikuwa Wafaransa. Liwali wa kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa chaitwa Réunion, alikuwa Pierre Bernard Milius, na yeye ndiye aliyeupeleka Ufaransa katika mwaka 1821. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1826, mtaalamu wa mimea Charles des Moulins aliuandika kitabuni kwa jina la Kilatini, Euphorbia milii, ili kumkumbuka liwali huyo. Mtaalamu mwingine, Wenceslas Bojer, mtu wa Bohemia aliyefanya kazi yake Mauritius, naye aliuandika mwaka 1829 kwa jina lake mwenyewe, Euphorbia splendens, maana yake wenye kung'aa. Bojer huyu twaweza kumkumbuka sisi pia, kwa kuwa mwaka 1824 alifika Unguja, Pemba na Mombasa akikusanya mimea. Jina lake halikufutika kabisa, ila la des Moulins lilitangulia, na kwa desturi ya wataalamu lililotangulia ndilo lishikalo.

Sehemu ya kwanza ya jina, Euphorbia, ni ya zamani zaidi. Plinius, mwandishi wa Kirumi, asimulia kwamba Mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, nchi iliyokuwa upande wa kaskazini ya Afrika, alipata mmea wenye maziwa makali katika milima ya Atlas, akauita kwa jina la tabibu wake, Euphorbus. Tabibu huyo alikuwa na ndugu yake, Antonius Musa, aliyemtibu Kaisari Augusto, yule yule tumsomaye katika Luka 2:1. Juba alifariki mwaka 23, Bwana wetu akiwa bado Nazareti. Mmea wa Juba haukuwa huu wetu, bali ni wa jamaa moja nao.

Sasa turudi kwenye swali. Ikiwa mti huu ni wa Bukini, ulifikaje Yerusalemu mikononi mwa askari wa Kirumi? Wako wasimuliao kwamba ulikuwa umekwisha kupelekwa nchi za Mashariki kabla ya kuzaliwa Kristo. Hadithi hiyo hurudiwa na wengi, kila mmoja akiipokea kwa mwenzake, pasipo hati inayoishuhudia. Bukini ni mbali sana na Yudea, na Ulaya yenyewe haikuuona mti huu kabla ya mwaka 1821. Tena yafikirini matawi yake. Ukiyapinda na kuyavunja, maziwa meupe humwagika mara moja, na mtu anayesokota taji kwa mikono mitupu angeungua ngozi yeye mwenyewe kabla ya kumaliza kazi.

Tazameni pia Maandiko yasema nini, na yanyamaza wapi. Habari ya taji imo katika Mathayo 27:29, katika Marko 15:17, na katika Yohana 19:2 na 19:5. Luka haitaji kabisa. Wote watatu waitajao hutumia neno la Kiyunani lenye maana ya miiba tu, bila kusema ni miiba ya mti gani. Wainjili hawakuona haja ya kutuambia. Walitaka tujue kwamba askari walimdhihaki kama mfalme, wakampa vazi la kifalme, na mwanzi badala ya fimbo ya enzi, na taji ya kitu kile kilichokuwa karibu na mkono.

Wataalamu wa mimea ya Palestina wametaja miti kadhaa ambayo huenda askari waliitumia, wala hawajapatana. Mmoja ni ndugu wa mkunazi wetu. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1753 aliupa jina lenye maana ya mwiba wa Kristo, na hata leo huitwa Ziziphus spina-christi. Mwingine ni Paliurus spina-christi, kichaka chenye miiba miwili miwili, mmoja umenyoka na mmoja umepinda. Hebu oneni, miti miwili mbalimbali imeandikiwa jina lile lile la heshima! Wa tatu ni kichaka kifupi kiitwacho Sarcopoterium spinosum, ambacho hufunika vilima vya kuzunguka Yerusalemu, nacho watu wa huko walikitumia kuwashia tanuri zao. Mimi naona hiki cha tatu chastahili kufikiriwa sana, maana askari aliyetaka miiba upesi angeikuta imefungwa tita tayari mahali pa kuni. Lakini hayo ni maoni yangu, wala sitamlazimisha mtu.

Wafasiri wa Biblia yetu nao walikutana na shida hii ya miiba. Lugha ya Kiebrania ina majina mengi ya mimea ya miiba, na mingi haimo katika nchi zetu. Ndiyo sababu katika Mwanzo 3:18 twasoma juu ya michongoma. Mchongoma twaujua sote, huchoma miguu yetu tangu utotoni. Neno la asili lataja magugu ya miiba ya mashamba ya kule. Wafasiri walifanya vema, kwa kuwa walitaka mkulima wa huku asikie uchungu ule ule aliousikia mkulima wa kule. Walakini hakuna asemaye kwa ajili ya tafsiri hiyo kwamba mchongoma wa Tanga ulimea nje ya bustani ya Edeni.

Basi mwalimu aseme nini mbele ya watoto? Aseme hivi, kwamba mti huu waitwa Taji ya Miiba kwa kufananishwa. Matawi yake machanga hupindika, na watu wa Ulaya wapandao maua chunguni huyafunga juu ya duara la waya mpaka yawe kama taji. Na maua yake mekundu madogo waliyafananisha na matone ya damu. Wajerumani na Wafaransa huuita Mwiba wa Kristo. Kuutumia kama mfano si vibaya, maana Bwana wetu alifundisha kwa mtini na kwa haradali. Lakini mfano uitwe mfano. Mtoto aliyeambiwa kwamba huu ndio mti wenyewe, akaja kusoma shuleni kwamba ni mti wa Bukini ulioletwa Ulaya mwaka 1821, atauliza ni mangapi mengine aliyoambiwa kanisani yaliyo ya namna hiyo. Nani atamlaumu akiuliza? Ataanza na mti, na huenda akafika kwenye kaburi tupu.

Mataifa mengine wameuona mti huu kwa macho yao wenyewe. Katika nchi ya Thailand, Wachina waliohamia huko waliupenda mno, wakauita kwa jina la watakatifu wanane wa hadithi zao za kale, kwa kuwa maua yake hutoka kwa makundi, na mara nyingi huwa manane. Wengine huko huamini kwamba nyumba ambayo mti wake umechanua sana itapata bahati njema. Watunza bustani wa Thailand wamezalisha aina nyingi zenye maua makubwa, mekundu, meupe, ya manjano, hata ya waridi, na aina hizo zauzwa sasa katika miji mingi ya dunia, na huku kwetu pia. Kwa hiyo mti mmoja, Mkristo wa Ulaya auona taji ya Bwana wake, Mchina wa Bangkok auona watakatifu wanane, na mtu wa Bukini auona ua wa kuzuia mbuzi. Mtu wa Bukini ndiye aliyeujua kwanza.

Tuutazame sasa mwili wake, maana ni wa ajabu. Urefu wake waweza kufika mita 1.8, ingawa chunguni huwa mfupi. Shina ni nene, la rangi ya kijivu au kahawia, nalo huweka maji ndani yake kwa siku za ukame. Miiba yake hufika sentimita 3. Mwiba wa mti huu si tawi lililochongoka. Ni yale majani madogo mawili ambayo katika mimea mingi hukaa penye shina la jani, yaliyogeuka yakawa magumu. Majani ya kawaida hutoka tu katika sehemu changa za juu. Kiangazi kikikaza huanguka yote, na mti husimama uchi na miiba yake. Wengi wakiona hivyo huung'oa na kuutupa wakidhani umekufa. Ukwaruze shina kwa ukucha kwanza. Ukiona kijani chini ya ganda, uache, utachipuka.

Na lile tuliitalo ua, lile jekundu lenye pande mbili, si ua. Pande zile mbili ni majani yaliyovaa rangi ili kuwaita wadudu. Ua lenyewe limo katikati, katika kikombe kidogo sana, hata lahitaji macho mazuri kuliona. Ndani ya kikombe hicho lipo ua moja jike, na kulizunguka yako maua madume, kila moja likiwa na uzi mmoja tu wa chavua. Namna hii ya ua ndiyo alama ya ukoo wa Euphorbia wote. Mnyaa wetu unayo, na hata ule mti wa Meksiko wenye majani mekundu ambao wengi huupamba wakati wa Krismasi unayo. Katika jamaa kubwa zaidi ya mimea hiyo wamo pia muhogo, mbarika na mpira. Mkulima wa muhogo hadhani kwamba shamba lake lina udugu na ua la barazani kwa mchungaji, lakini ndivyo ilivyo.

Wako wauitao mti huu mpungate. Si sawa. Mpungate na jamaa zake karibu wote asili yao ni Amerika, na miiba yao hutoka kwa vishada katika vidoa vya nywele. Tena mpungate ukikatwa hutoa maji ya kunata, lakini huu wetu hutoa maziwa meupe.

Na juu ya maziwa hayo nataka tusikilizane vizuri, hasa akina mama. Maziwa ya mti huu ni sumu. Yakigusa ngozi huwasha na kuleta malengelenge. Yakimezwa huunguza kinywa, hutapisha na kuumiza tumbo. Yakiingia jichoni huleta maumivu makali, jicho hufura, na mtu aweza kushindwa kuona kwa siku kadhaa. Asipotibiwa jicho laweza kupata madhara ya kudumu. Naijua nyumba moja ambamo mtoto wa miaka minne alivunja tawi akicheza, kisha akafikicha macho. Siku tatu hakuweza kuvumilia nuru. Alipona, kwa sababu bibi yake alimmwagia maji mara ile ile, asingoje baba arudi.

Alivyofanya bibi yule ndivyo ipasavyo. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka, muda wa robo saa au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Msitie maziwa ya ng'ombe, wala ya mama, wala dawa ya majani. Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji.

Wako watumiao maziwa haya kuondolea chunjua, tena huwapaka na watoto. Nawaomba waache. Wataalamu wamekuta ndani yake vitu vya jamii ile ijulikanayo kuchochea saratani katika ngozi ya panya wa majaribio. Chunjua nyingi hutoka zenyewe baada ya muda, na zisipotoka liko zahanati.

Walakini sumu hiyo hiyo imewapa wataalamu jambo la kufikiri. Ninyi mkaao kando ya Ziwa Viktoria, au Unguja na Pemba, mwaujua ugonjwa wa kichocho. Mdudu wake hupitia kwanza katika konokono wa majini kabla ya kuingia mwilini mwa mtu. Katika Brazil, ambako ugonjwa huo upo pia, wachunguzi kuanzia miaka ya 1980 waliyajaribu maziwa ya mti huu, wakaona kwamba kiasi kidogo sana kilichochanganywa na maji chaua konokono wale. Jambo hili lilileta tumaini, kwa kuwa mti hupatikana kwa urahisi hata kwa maskini, na dawa za kiwandani ni ghali.

Lakini asitoke mtu na panga na debe akaenda mtoni. Majaribio yale yale yalionyesha kwamba maziwa haya hudhuru samaki pia, na kipimo chake chataka mtu aliyefundishwa. Mgonjwa wa kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na choo kilichochimbwa vizuri huzuia mayai ya mdudu yasifike ziwani. Vijiji vyenye choo cha shule kilichobomoka vina kazi ya kufanya kabla ya kufikiri habari za konokono.

Mtaniuliza, je, tuung'oe basi katika viwanja vya kanisa? La. Mnyaa nao una maziwa makali, na babu zetu waliishi nao miaka mingi kwa kuwafundisha watoto wao kuuheshimu. Ila usipandwe kando ya mlango ambapo watoto wa Shule ya Jumapili husukumana, wala kando ya mahali wanapochezea. Uwekwe mbali na njia, au juu ya ukuta. Na mwenye mtoto mchanga atambaaye asiuweke ndani ya nyumba mpaka mtoto apate akili.

Anayetaka kuupanda afanye hivi. Avae glavu, au ashike tawi kwa gazeti lililokunjwa mara nyingi, akate kipande cha sentimita 8 au 10 kwa kisu kikali. Penye jeraha pamwagiwe maji mpaka maziwa yakome. Kisu nacho kioshwe hapo hapo, kisirudi jikoni kikiwa na utomvu. Kipande kilazwe kivulini siku kadhaa, mpaka mahali palipokatwa pakauke na kufanya ganda; ukikipanda kingali kibichi kitaoza. Udongo uwe wa mchanga, na chungu kiwe na tundu chini. Wekeni mahali penye jua walau nusu ya siku. Maji yawe machache, tena udongo ukauke kabla ya kumwagilia mara ya pili, kwa maana mti huu hufa zaidi kwa kupendwa kwa maji kuliko kwa kiu. Ninyi wa nchi za baridi, kama Njombe na Makete, uingizeni ndani usiku wa majira ya jalidi. Baada ya majuma kadhaa, mkiona jani jipya la kwanza juu, jueni kwamba mizizi imeshika.